Kisukari: Buti la usalama linapoumiza mguu usiosikia maumivu

Na Mwandishi Wetu

KATIKA migodi, bandari, viwanda na maeneo ya ujenzi, buti lenye chuma mbele ni sharti la kuingia kazini. Asiyelivaa hurudishwa getini. Sababu yake inaeleweka na kila mtu: tofali likidondoka, chuma hupokea kishindo na vidole hubaki salama.

Hata hivyo, kwa mfanyakazi mwenye ugonjwa wa kisukari, buti hilo hilo linaweza kuwa chanzo cha kidonda ambacho mwisho wake ni kukatwa mguu. Ubaya haumo katika buti lenyewe. Lilibuniwa kwa ajili ya mguu unaosikia maumivu, nalo sasa huvaliwa na mguu ambao umeacha kuyasikia.

Jambo hili halizungumzwi inavyostahili. Katika mafunzo ya usalama kazini mfanyakazi huelezwa habari za kofia, miwani, mikanda na namna ya kuzima moto. Katika kliniki ya kisukari huelezwa habari za chakula, vidonge, sindano na umuhimu wa kuvaa viatu laini na vipana. Mtu huyo huyo hutoka kliniki asubuhi na kuingia zamu ya mchana, na hakuna aliyemweleza afanyeje na maagizo hayo mawili yanayogongana miguuni mwake.

Wala watu hao si wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, ulioongozwa na Profesa Donald McLarty katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizo mbili hazikufanywa kwa watu wa namna moja, hivyo haifai kuzilinganisha kama mtu alinganishavyo bei ya sukari ya jana na ya leo. Lakini umri huo wa miaka 25 hadi 64 ndio umri wa kazi, na mwelekeo wake hauhitaji mkalimani.

Duniani kote, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Wataalamu wa miguu wanakadiria kuwa kati ya asilimia 19 na 34 ya wenye kisukari watapata kidonda cha mguu wakati fulani maishani mwao.

Mguu unavyonyamaza

Sukari inapokuwa nyingi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Uharibifu huanzia kwenye mishipa mirefu kuliko yote, nayo ni ile inayofika kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni, ikapanda kwenye unyayo, kisha kifundoni, kana kwamba mtu amevaa soksi ambayo haivuki.

Wengine huanza kwa kuhisi miguu inawaka moto au kuchomwachomwa, hasa usiku. Wengine husema wanapotembea ni kama wanakanyaga sufi. Wengi hawana dalili yoyote, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa asiyesikia chochote hana sababu ya kwenda kwa daktari.

Mishipa ya fahamu haifanyi kazi ya kupeleka maumivu peke yake. Mingine huendesha misuli midogo ya mguu. Hiyo ikidhoofika, vidole hujikunja kama makucha ya ndege, mgongo wa kidole huinuka na mifupa ya mbele ya unyayo hushuka chini. Mingine huongoza jasho na mafuta ya ngozi. Hiyo ikilegea, ngozi hukauka, husinyaa na kupasuka kwenye kisigino.

Pamoja na hayo, kisukari huziba polepole mishipa ya damu ya miguu. Kidonda ambacho kwa mtu mwingine kingepona kwa wiki moja hukosa damu ya kukilisha, na vijidudu huingia bila upinzani. Matokeo yake ndiyo yale ambayo watu wetu huyaita donda ndugu.

Maarifa mengi ya namna mguu usio na hisia unavyoharibika yalitokana na ugonjwa wa ukoma. Daktari wa upasuaji Mwingereza, Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914, alianza kazi katika hospitali ya Vellore nchini humo mwaka 1946. Wakati huo watu wengi, wakiwamo madaktari, waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya uharibifu ule ilitokana na majeraha ya kila siku ambayo mgonjwa hakuyasikia. Mwaka 1966 alihamia Carville, jimbo la Louisiana nchini Marekani, na huko elimu hiyo ikaanza kutumika kwa wagonjwa wa kisukari.

Brand alieleza kwamba mguu usiosikia huumizwa kwa njia kubwa tatu. Ya kwanza ni nguvu kubwa ya ghafla, mfano msumari. Ya pili ni mkandamizo mdogo usiokoma, kama wa kiatu kinachobana, ambao huifinya ngozi hadi damu ikashindwa kupita. Baada ya saa kadhaa nyama ile hufa. Ya tatu ni mkandamizo wa kawaida unaorudiwa mara maelfu, hatua baada ya hatua, mpaka mahali pale pakavimba, pakapata joto na kufumuka.

Mtu mwenye hisia kamili hujikinga na njia hizo za pili na ya tatu bila hata kujua. Kiatu kikimbana hulegeza kamba, hubadili mkao, huchechemea kidogo, au huketi na kukivua. Mwenye ganzi huendelea kutembea vilevile tangu asubuhi hadi kengele ya kutoka.

Chuma hakitanuki

Kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, kinachojulikana kwa namba ISO 20345, kinataka sehemu ya mbele ya buti istahimili kishindo cha jouli 200. Hicho ni kishindo cha mzigo wa kilo 20 unaodondoka kutoka kimo cha karibu mita 1. Aidha, inatakiwa istahimili kukandamizwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani 1.5. Mabuti mengine huwa pia na bamba ndani ya soli la kuzuia misumari.

Kitu chenye uwezo huo hakiwezi kuwa laini. Kiatu cha kawaida cha ngozi kikibana leo, baada ya wiki mbili huwa kimezoea mguu wa mwenye nacho. Chuma hakizoei mguu wa mtu. Kidole kilichojikunja kinachogusa ukingo wa chuma siku ya kwanza kitaugusa siku ya mia, mahali pale pale. Yapo mabuti ambayo badala ya chuma yana plastiki ngumu au nyuzi zilizoshindiliwa. Ni mepesi zaidi na hayashiki joto sana, lakini nayo hayatanuki.

Kuna jambo jingine ambalo muuza viatu hawezi kulijua na mnunuzi mwenyewe halitambui. Mtu aliyepoteza hisia miguuni huelekea kuchagua kiatu kinachombana. Kiatu cha saizi yake hukiona kinapwaya, kwa sababu hahisi kama kimemgusa. Akivaa kidogo zaidi ndipo ahisi kitu, naye husema, "Hiki kimenikaa." Kwa mtu huyu, kauli ya kwamba buti halimuumizi haithibitishi kwamba linamtosha.

Katika stoo za kazini mambo huwa mabaya zaidi. Mabuti hununuliwa kwa jumla, upana wake ni mmoja, saizi chache. Aliyekuta namba yake imekwisha huchukua iliyopo. Wengi wetu tuliokua tukitembea pekupeku tuna miguu mipana mbele, na wanawake waliojiunga na kazi za migodini na viwandani mara nyingi hupewa buti lililofinyangwa kwa umbo la mguu wa mwanamume, likapunguzwa namba tu.

Kisha kuna vinavyoingia ndani ya buti. Kokoto moja ndogo, kipande cha waya, kizibo cha soda, mkunjo wa soksi, au gundi iliyobanduka chini ya soli ya ndani. Mwenye hisia hawezi kuvumilia kokoto kwa dakika tano. Mwenye ganzi hutembea nayo siku nzima, na jioni huikuta imezama ndani ya nyama.

Fundi wa kuchomelea vyuma hudondokewa na cheche zinazopenya juu ya buti fupi. Fundi uashi huingiwa na maji ya saruji mbichi, ambayo ni kali mno kwa ngozi. Saruji ni adui mwerevu. Hata mwenye hisia kamili huchelewa kuhisi inavyomuunguza, na hunawa pale tu ngozi inapoanza kuwasha. Asiyehisi muwasho huo atabaki na saruji ndani ya soksi hadi usiku.

Joto la nchi yetu nalo lina sehemu yake. Mguu uliofungiwa saa 10 ndani ya buti au gambuti hulowa jasho katikati ya vidole, fangasi huota, ngozi hulainika na kuchanika. Mpasuko mdogo kama huo, ambao mtu mzima wa afya hangeutaja kwa mkewe, ni mlango wazi kwa vijidudu.

Kulivua si dawa

Msomaji anaweza kudhani kwamba jibu ni kuacha buti. La hasha. Mguu usiosikia ndio unaohitaji kinga kuliko mwingine wowote. Msumari hupenya kandambili na kuingia unyayoni, na mwenye ganzi akaendelea na shughuli zake hadi atakapoona damu sakafuni. Katika makala ya kitabibu ya mwaka 2005, madaktari wa Dar es Salaam walieleza habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Kwa mguu uliokufa ganzi hata jino la panya hupita bila taarifa.

Kwa hiyo linalotakiwa ni buti linalomfaa mtu huyu, na mazoea ya kulikagua. Kabla ya hapo, inabidi ijulikane kama hisia zipo au zimepotea.

Hospitalini kipimo hicho hufanywa kwa uzi mgumu wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, ukibonyezwa sehemu kadhaa za unyayo. Lakini kuna njia isiyohitaji chombo chochote, iliyobuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, na kuelezwa katika machapisho ya kitabibu mwaka 2011. Anayepimwa hulala au huketi akiwa amevua soksi na kufumba macho. Mwenzake humgusa kwa ncha ya kidole, taratibu kabisa, kwa muda wa sekunde 1 au 2, kwenye ncha ya kidole gumba, kidole cha tatu na kidole cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Jumla ni miguso sita. Anayepimwa hutaja kila anapoguswa.

Asibonyezwe, asikunwe, wala asirudiwe pale aliposhindwa. Akikosa kuhisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, hisia zake zimepungua na anapaswa kuchunguzwa na daktari. Kipimo hiki hakichukui hata dakika tatu. Mke anaweza kumfanyia mumewe, na muuguzi wa zahanati ya kiwanda anaweza kuwapima watu wa zamu nzima kabla ya chai.

Ni ajabu kwamba hilo halifanyiki kila mahali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi na mara kwa mara baada ya hapo. Upimaji wa namna hiyo unaweza kuishia kwenye shinikizo la damu, mkojo, macho, masikio na kifua. Sukari ikionekana, mtu huandikiwa aende kliniki. Soksi hazivuliwi.

Buti la kufaa

Mwongozo wa kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, IWGDF, uliotolewa upya mwaka 2023, unataka urefu wa ndani wa kiatu uzidi mguu kwa sentimita 1 hadi 2. Upana wake ulingane na mguu pale mahali palipo papana kuliko pote, na kimo cha ndani kiviachie vidole vyote nafasi. Kiatu kijaribiwe mtu akiwa amesimama, na ni vema iwe alasiri au jioni, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Buti lililojaribiwa saa 2 asubuhi si lile litakalovaliwa saa 10 jioni.

Kwa kuwa mwenye ganzi hawezi kutegemea anavyojisikia, atumie macho. Asimame juu ya karatasi ngumu, mtu mwingine achore mzunguko wa mguu, kisha umbo hilo likatwe na kuingizwa ndani ya buti. Karatasi ikijikunja pembeni, buti ni jembamba. Njia nyingine ni kuichomoa soli ya ndani na kusimama juu yake. Nyama ikizidi ukingo, buti hilo lirudishwe stoo. Miguu yote miwili ipimwe, maana ni nadra ikawa sawasawa, na buti lichaguliwe kwa kuufuata ule mkubwa.

Wengi hufikiri suluhisho ni kununua buti la kawaida na kuweka soli nene ya sponji. Hapa pana mtego. Soli nene huinua mguu juu, vidole vikakaribia chuma, na ile nafasi ya usalama iliyopimwa kiwandani ikatoweka. Tofali likidondoka, chuma hushuka kidogo kama kilivyokusudiwa, lakini sasa hukutana na kidole. Nchini Ujerumani, kanuni za bima ya ajali kazini tangu mwaka 2007 haziruhusu mfanyakazi kutia soli ya tiba ndani ya buti la usalama kiholela. Soli na buti lazima viwe vimepimwa na kuthibitishwa pamoja. Ni utaratibu wa kuigwa, ingawa kwetu unahitaji mtu wa kuusimamia.

Ufundi wa kutengeneza viatu vya tiba si mgeni hapa nchini. Chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba, TATCOT, kilianzishwa Moshi katika eneo la KCMC mwaka 1981, na wahitimu wake wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Buti pana na refu kwa kimo, likiwa na soli ya ndani iliyochongwa na fundi anayejua kipimo cha chuma kilichopo mbele, ni jambo linalowezekana. Linalokosekana mara nyingi ni barua ya mwajiri kwenda kwa fundi huyo.

Pale ambapo mguu umeharibika kiasi kwamba hakuna buti la chuma linaloufaa, njia ya busara ni kumhamishia mfanyakazi mahali pasipo na hatari ya kudondokewa na vitu. Hilo liamuliwe na daktari na afisa usalama kwa pamoja, baada ya kuikagua kazi yenyewe.

Kabla na baada ya zamu

Buti jipya lisivaliwe siku nzima. Mwenye kisukari alivae saa moja au mbili, alivue na kuutazama mguu, aongeze muda siku hadi siku. Mwenye uwezo wa kuwa na jozi mbili azibadilishe, ili moja ikauke vizuri wakati nyingine ikivaliwa.

Kila asubuhi, na kila baada ya kulivua, buti lipinduliwe, ligongwe, kisha mkono upitishwe ndani hadi kwenye chuma. Mkono wa fundi uashi wenyewe una sugu, hauna uhakika wa kuhisi. Basi tochi ya simu imsaidie. Soksi ziwe safi kila siku, zisizo na viraka, na zenye mshono zivaliwe kwa kugeuzwa nje ndani. Soksi za rangi nyeupe au hafifu zina faida moja kubwa: damu na usaha huonekana mara moja.

Jioni miguu ioshwe na kukaushwa, hasa katikati ya vidole, kisha ikaguliwe juu, chini na pembeni. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mtu wa nyumbani. Mafuta yapakwe kwenye ngozi kavu, yasipakwe katikati ya vidole. Vitabu vingi hutaja wekundu kama dalili ya kwanza, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi kirahisi. Tafuta uvimbe, lengelenge, mahali palipoiva na kuwa peusi zaidi, na joto. Sehemu yenye joto kuliko sehemu kama hiyo ya mguu wa pili inasema kitu hata kama ngozi haijachanika.

Yapo mazoea mawili ya jioni ambayo yamewaponza wengi. La kwanza ni kuloweka miguu iliyochoka katika beseni la maji ya moto na chumvi. Mwenye ganzi hajui kama maji yale ni ya kuoga au ya kunyonyolea kuku. Wapo waliobabuka ngozi nzima wakidhani wanajiburudisha. Asiloweke miguu, na maji ya kunawia yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine. La pili ni kukata sugu kwa wembe. Sugu ni ishara kwamba buti linakandamiza mahali hapo, na chini yake mara nyingi kidonda kimekwisha kuanza. Iondolewe na muuguzi aliyefunzwa, na chanzo cha mkandamizo kitafutwe.

Kuna dalili nyingine moja ambayo watu wa mabuti wana nafasi nzuri ya kuigundua mapema. Ghafla buti la mguu mmoja halifungiki kama jana. Mguu ule umevimba, una joto, lakini hauumi, au unauma kidogo tu, na hakuna jeraha. Huenda huo ni ugonjwa unaoitwa mguu wa Charcot, kwa jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19. Mifupa ya mguu hupasuka na kuachana huku mtu akiendelea kuitembelea, na asipotibiwa unyayo hubonyea na kuwa kama mtumbwi uliopinduliwa. Tiba yake ni kuufunga mguu plasta na kutoukanyagia. Anayelegeza kamba za buti na kurudi kazini anapoteza wiki zenye thamani kuliko zote.

Kidonda kikitokea

Kidonda chochote kwenye mguu wa kisukari, hata cha ukubwa wa punje ya mahindi, kionwe na mtaalamu siku hiyo hiyo au kesho yake. Kikiwa na harufu, usaha, weusi, au mtu akipata homa, ni dharura. Dawa za kupaka na vidonge vya kuua vijidudu haviponyi kidonda ambacho bado kinakanyagiwa. Jambo la kwanza katika tiba ni kukiondolea uzito, kwa plasta maalumu inayofika chini ya goti au kiatu cha hospitali. Kuvaa buti lile lile juu ya bandeji ni sawa na kutotibiwa.

Tanzania si mgeni wa kazi hii. Mradi wa kufundisha timu za madaktari na wauguzi kutunza mguu wa kisukari, ulioitwa Hatua kwa Hatua, ulifanyiwa majaribio hapa na nchini India kuanzia miaka ya 2003 na 2004, ukiongozwa kwa upande wa Tanzania na Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Baadaye ulisambaa katika nchi nyingine nyingi.

Tatizo la mfanyakazi ni muda. Kidonda cha unyayo huweza kuchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Kibarua wa siku, kwa kawaida, hana hata hizo. Ndiyo maana utamkuta mtu anachechemea kuelekea getini akiwa amefunga kitambaa ndani ya soksi, naye akiulizwa husema ni ukucha.

Wengine huficha kisukari chenyewe tangu mwanzo, wakihofu kuonekana hawafai. Hofu hiyo haikuzuka hewani, na hotuba haziwezi kuiondoa. Inapungua pale mwajiri anapotenganisha taarifa za zahanati na ofisi ya utumishi, na pale mfanyakazi wa kwanza aliyejitokeza anapopewa buti pana badala ya barua ya kuachishwa. Buti hilo, hata likiwa ghali mara tatu ya la stoo, ni nafuu kuliko kumpoteza fundi wa miaka 15.

Mfanyakazi naye anapogundua kwamba buti limemchubua, aiambie zahanati ya kazini na aombe jambo hilo liandikwe katika daftari la ajali, pamoja na tarehe na namba ya buti alilopewa. Madai ya fidia hutaka kuonyeshwa uhusiano kati ya jeraha na kazi, na mguu ukishafika chumba cha upasuaji ni rahisi kwa kila mtu kusema kwamba kilichouondoa ni sukari.

Hata kidonda kikipona, ngozi iliyofunga haina nguvu ya ile ya awali. Kati ya watu 100 waliopona, takriban 40 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka 1, na takriban 65 ndani ya miaka 5. Kwa sababu hiyo, siku ya kurudi kazini inahitaji maandalizi kama siku ya kwanza ya ajira: mguu upimwe upya, kazi ianze kwa saa chache, na kwa anayeishi na historia hiyo miguu ionwe na mtaalamu kila baada ya mwezi 1 hadi 3. Buti la zamani, lile lililoleta kidonda, lisimsubiri kwenye kabati lake.